Nyonga mpya na jamvi la madrasa



Tumchukue mwalimu wa madrasa aliyebadilishwa nyonga. Kabla ya upasuaji alikuwa akifika msikitini Alfajiri huku akiuma meno kwa maumivu. Sasa ni wiki ya nne tangu apasuliwe. Maumivu yale ya zamani hayapo, kidonda kimefunga, na nyumbani unga umekwisha, maana ada za wanafunzi hazikusanyiki vizuri mwalimu akiwa hayupo. Anachukua fimbo yake, anakwenda madrasa, anakaa jamvini na kukunja miguu kama alivyozoea miaka yote. Hapo ndipo anapojiingiza hatarini bila kujua.

Wengi hudhani kuharibika nyonga ni maradhi ya wazee peke yao. Ni kweli kwamba bibi aliyeanguka na kuvunjika shingo ya paja huwa mmoja wa wanaofanyiwa upasuaji huu. Lakini kwetu wapo pia vijana wenye selimundu. Damu ikikosa kufika kwenye kichwa cha mfupa wa paja, mfupa hufa na kubonyea, na kijana wa miaka 30 hutembea kwa kuchechemea. Huyu ana familia changa, na swali lake la kwanza kwa daktari huwa ni hilo hilo: nitarudi lini kazini?

Katika upasuaji kichwa kilichoharibika hukatwa, kikawekwa kingine cha chuma au cha kauri, kikaa juu ya mti wa chuma uliosimikwa ndani ya mfupa wa paja. Kichwa hicho huzunguka ndani ya kikombe kipya. Ili kufika huko, daktari hulazimika kupasua au kusogeza nyama na kano zinazokishika kiungo. Hizo ndizo zinazochukua muda kushikamana. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa haumwi kabisa, na kiungo chake bado kikawa hakijashikwa imara.

Kikichomoka, mgonjwa hupata maumivu makali ghafla, mguu huonekana mfupi na huenda ukageuka, wala hawezi kuukanyagia. Hurudishwa hospitalini kulazwa usingizi ili kiungo kirejeshwe. Kinachokichomoa mara nyingi ni ukaaji tu: magoti kupanda juu kuliko nyonga, kupishanisha miguu, au kuinama kuokota kitu huku mguu umegeukia ndani. Jamvi, kigoda na mbuzi ya kukunia nazi vyote vinaingia humo. Mama wa vitumbua naye ajihesabu.

Namna ya kupima kiti ni rahisi. Kaa, kisha mwombe mtoto aweke chungwa juu ya paja lako karibu na nyonga. Likibingirika kuelekea goti, kiti kinafaa. Likirudi tumboni, kiti ni kifupi, ongeza mto mgumu.

Siku hizi baadhi ya madaktari hawaweki masharti makali kama zamani, hasa kwa aliyepasuliwa kwa mbele badala ya nyuma. Usichukue masharti ya jirani. Muulize aliyekupasua wewe.

Kwa kukadiria, kazi ya kukaa kwenye kiti huweza kuanza yapata wiki ya 6. Dereva naye husubiri karibu muda huo, na asiwe anatumia dawa za maumivu zinazolevya. Kazi ya kusimama kutwa au kubeba mizigo husubiri miezi 3 hivi, na jembe pengine zaidi. Aliyeajiriwa Tanzania ajue kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa siku 126 za ugonjwa katika kila mzunguko wa miezi 36, siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, akiwa na cheti cha daktari. Siku 63 ni wiki 9. Anayerudi wiki ya 4 kwa kuogopa kukatwa mshahara huenda anaogopa kisichokuwepo. Mwalimu wetu wa jamvini hana mkataba wala cheti. Huyo ni jukumu la kamati ya madrasa na wazazi, na ada ziendelee kukusanywa akiwa kitandani.

Siku ya kurudi akifika, akute kiti kirefu chenye mikono, na wanafunzi wasogee na misahafu yao badala ya yeye kuwainamia. Asikae zaidi ya saa moja bila kunyanyuka na kutembea. Kwenye daladala asing'ang'anie ile ya saa ya msongamano, na pikipiki aiache kabisa kwa sasa.

Choo cha kuchuchumaa ni mtihani mkubwa zaidi. Kiti cha plastiki imara kilichotobolewa katikati na kuwekwa juu ya tundu kinatosha, na kopo la istinja liwe juu ya meza ndogo, si sakafuni. Katika udhu, mtoto amuoshee miguu. Nia ni yake mwenyewe na udhu unasihi. Katika swala, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza Imran bin Huswayn (r.a.), aliyekuwa mgonjwa, aswali kwa kukaa akishindwa kusimama. Basi asimame anapoweza, na rukuu na sijda aziashirie akiwa kwenye kiti, sijda ikiwa chini zaidi kuliko rukuu. Baada ya miezi kadhaa wapo wanaoruhusiwa kushuka tena kwenye mswala, lakini ruhusa hiyo itoke kwa daktari.

Jambo moja linatusumbua sana huku mitaani: mgonjwa kupelekwa kwa mkandaji, au kupigwa hijama karibu na kidonda. Nyonga mpya haikandwi. Na anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda akipigwa hijama anaweza kutoka damu nyingi.

Shavu la mguu likivimba na kuuma, kidonda kikitoa maji au usaha, au homa ikipanda, aende hospitali siku hiyo hiyo. Kifua kikibana au pumzi zikikatika ghafla, asingoje hata daladala, itafutwe gari mara moja, kwa kuwa huenda damu iliyoganda mguuni imefika kwenye mapafu.