Baiskeli Hadi Stendi, Basi Hadi Mjini

Ndugu zetu wa maeneo ya mpakani mnaijua baiskeli kuliko wengi. Neno bodaboda, ambalo siku hizi hutajwa zaidi kwa pikipiki, lilizaliwa huku kwetu kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, vijana walipokuwa wakiwavusha abiria kwa baiskeli kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Basi lilimshusha msafiri upande mmoja, baiskeli ikamvusha, na gari jingine likampokea ng'ambo. Kwa hiyo jambo tunalolieleza leo, yaani kuunganisha safari ya baiskeli na ya gari la abiria, si geni kwenu.

Faida yake ni rahisi kueleweka. Katika dakika 15 mtu aendaye kwa miguu hupita kilomita moja na kidogo. Mwenye baiskeli hupita tatu au nne. Stendi ambayo jana ilikuwa mbali, leo imekuwa jirani. Nayo baiskeli haimlazimu mwenyewe kushindana na malori kwenye barabara kuu hadi mjini: sehemu ndefu na ya hatari huachiwa gari, sehemu fupi hubaki kuwa ya miguu yake. Nauli ya kufika stendi huokolewa kila siku.

Miji mingine imelipa jambo hili uzito mkubwa. Nchini Uholanzi, takribani abiria 4 kati ya kila 10 wa treni hufika stesheni kwa baiskeli, na mji wa Utrecht ulikamilisha mwaka 2019 maegesho ya baiskeli 12,500 chini ya uwanja wa stesheni yake. Jijini Bogotá, nchini Kolombia, baadhi ya vituo vikuu vya mabasi yaendayo haraka vina maegesho ya baiskeli yenye ulinzi. Funzo ni moja: mwananchi hukubali kuiacha baiskeli yake pale tu anapoamini kwamba jioni ataikuta.

Hapo ndipo penye tatizo letu. Malalamiko ya wizi tunayoyapokea hufanana. Mtu amefunga baiskeli kwenye mti karibu na stendi asubuhi, ameondoka kwa gari, na jioni amekuta mnyororo umekatwa. Tukimwuliza alama za baiskeli yake, hujibu kwamba ni nyeusi. Baiskeli nyeusi ni nyingi. Hata inapopatikana, huweza kukaa kituoni bila mwenyewe kwa kukosa uthibitisho. Tena huku mpakani, mali iliyoibwa asubuhi yaweza kuwa nchi ya pili kabla ya jua kutua, na askari wa ng'ambo hawawezi kuitambua bila namba. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi andika namba iliyogongwa kwenye fremu, tunza risiti, na piga picha baiskeli ukiwa kando yake. Unapoifunga, pitisha mnyororo kwenye fremu na gurudumu pamoja, si kwenye gurudumu peke yake.

Tahadhari ya pili ni ya njiani. Mlango wa abiria wa teksi na mabasi hufunguka upande wa ukingo wa barabara, ambako ndiko apitako mwendesha baiskeli. Gari likisimama, punguza mwendo na uwasubiri wanaoshuka. Abiria nawe, tazama kabla ya kukanyaga chini. Kumbukeni pia kwamba Uganda, Kenya na Tanzania huendesha kushoto, ilhali Rwanda, Burundi na Kongo huendesha kulia. Anayevuka Katuna au Mpondwe abadilishe upande mara aingiapo, na asisahau anaporudi jioni akiwa amechoka. Usiku, taa nyeupe mbele na kiakisi chekundu nyuma huokoa maisha.

Ikibidi baiskeli isafiri nawe juu ya gari, ifungwe kwa kamba mbili mbele na nyuma, na isizidi upana wa gari. Patana na kondakta kuhusu malipo kabla ya kupakia, si baada ya kufika.

Mwisho, tunawaomba viongozi wa stendi, wafanyabiashara na wenyeviti wa vijiji mkae pamoja. Bomba la chuma lililosimikwa imara mahali penye mwanga, pamoja na mlinzi mmoja atoaye kadi zenye namba kwa malipo madogo, hutosha kuanzia. Sisi tutaleta doria na daftari la kuandikisha namba za fremu. Mkishakubaliana mahali, njooni kituoni mtueleze. Kazi hiyo tutaianza pamoja nanyi.