Uzuri wa Mustang kuukuu u juu, kasoro zi chini

Ikiwa wewe ni mpenzi wa filamu za zamani, bila shaka umewahi kumwona Steve McQueen katika Bullitt ya 1968 akilirusha Mustang la kijani kwenye vilima vya San Francisco. Gari linapaa, linatua kwa kishindo, linakata kona na kuendelea mbele kana kwamba hakuna lililotokea. Watazamaji wengi hudhani hivyo ndivyo lilivyotoka kiwandani. La hasha! Kabla ya kazi kuanza, fundi Max Balchowsky alikuwa ameliingiza gereji akaimarisha springi, shokabsoba na sehemu zinazozishikilia. Gari la kawaida la dukani lingefanyiwa vituko vile lingelala njiani.

Magari ya Marekani ya miaka ya 1950 na 1960 yaliundiwa barabara pana zilizonyooka. Mteja alitaka injini yenye nguvu, boneti ndefu na kiti laini kama kochi la sebuleni. Habari ya kukata kona ilifikiriwa baadaye, ikiwa ilifikiriwa kabisa. Leo magari hayo ni johari kwa wakusanyaji, lakini wengi wao, wakishalipa fedha zao, hugundua kwamba dereva anazungusha usukani huku gari likiwaza mambo yake.

Chukua mfano wa Ford Mustang lenyewe. Lilizinduliwa tarehe 17 Aprili 1964 katika maonyesho ya kimataifa ya New York, na katika mwaka wa kwanza yakauzwa zaidi ya 400,000. Hata hivyo, chini ya umbo lile la kuvutia mlikuwa na vyuma vya Ford Falcon, gari la familia la bei nafuu. Kwa lile lisilo na usukani wa pawa, dereva alihitaji kama mizunguko mitano kutoka kushoto kabisa hadi kulia kabisa. Gari la kisasa huhitaji takriban mitatu, na mara nyingi pungufu.

Ndani ya boksi la usukani mna parafujo nene inayozunguka juu ya gololi ndogo za chuma. Ukizungusha usukani, parafujo husukuma gololi, gololi husukuma meno, meno husukuma mkono wa chuma, na mkono huo husukuma vijiti vinavyofika kwenye magurudumu. Ni mpango wenye nguvu, na malori mengi yameutumia kwa miaka na miaka. Tatizo ni kwamba kila kiungo kikilika kidogo tu, kulika huko hujumlishana, na dereva hubaki akizungusha hewa.

Basi mwenye gari kama hili aanzie wapi? Aghalabu vijana huanzia kwenye rimu za kung'aa. Haya, rimu ni nzuri kwa picha. Lakini fundi anayejua kazi yake ataanza kwa kulala chini ya gari na tochi. Bushi za mpira zilizokaa miaka 60 huwa zimekauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi. Viungo vya usukani huwa vimelegea. Gari lililobadilishwa bushi, viungo na shokabsoba, bila kuongezwa chochote cha ajabu, huwashangaza hata walioliendesha likiwa jipya. Na breki, tafadhali, zitazamwe kabla ya yote: Mustang nyingi za mwanzo zilitoka na breki za dramu magurudumu yote manne.

Hatua ya pili haigharimu pesa nyingi, nayo ni wili alaimenti. Hapa pana siri ndogo. Itazame baiskeli yako: uma wa mbele haukusimama wima, umeegemea nyuma, na mwegemo huo ndio unaosaidia gurudumu kujinyoosha lenyewe. Gari nalo lina mwegemo wake. Kiwanda kiliuweka mdogo sana, kwa sababu bila pawa usukani ungekuwa mzito mno wakati wa kuegesha, na kwa sababu tairi za wakati ule hazikuwa za redio kama hizi zetu. Tairi za redio zilienea Marekani katika miaka ya 1970. Kwa hiyo fundi anayefunga tairi za kisasa halafu akafuata vipimo vya kitabu cha 1965 anaharibu kazi. Akiongeza mwegemo huo hadi nyuzi mbili au tatu, na kuyainamisha magurudumu ndani kidogo, gari huacha kutangatanga barabarani. Usukani utakuwa mzito kiasi, naam, lakini utatulia.

Kuna ujanja mwingine unaopendwa sana. Mhandisi wa Ford, Klaus Arning, aligundua kwamba mkono wa juu unaoshikilia gurudumu la mbele ukishushwa inchi moja hivi, gurudumu la nje halitalala vibaya gari linapoinama kwenye kona. Carroll Shelby akautumia mpango huo katika Mustang lake la mashindano la 1965, GT350. Kazi yenyewe ni kutoboa matundu mapya kila upande kwa kufuata kigezo. Jambo la kuchekesha ni kwamba Shelby mwenyewe aliuacha mwaka uliofuata ili kupunguza gharama, ilhali wapenzi wa Mustang wanautumia hadi leo.

Sehemu hizo za mbele zina udhaifu mwingine. Springi imeketi juu ya mkono wa juu, ndani ya mnara wa bati kando ya injini, na kwenye barabara mbaya minara hiyo huvutwa ikainamiana. Dawa yake ni chuma cha kuiunganisha na ukuta ulio nyuma ya injini. Chuma hicho Wamarekani wamekiita cha "nje ya nchi", kwa kuwa kiliwekwa kwenye magari yaliyosafirishwa ng'ambo. Sisi wa huku tunaelewa kwa nini. Mwaka 1964 kikosi cha Mercury Comet, gari la ukoo uleule wa Falcon, kililetwa katika East African Safari. Yaliimarishwa kila pembe, lakini ni mawili tu yaliyomaliza, nyuma kabisa ya Ford Cortina GT ya Peter Hughes na Billy Young iliyoshinda.

Wenye pesa zaidi huling'oa boksi la gololi na kuweka raki na pinioni kama ya gari la kisasa. Hapo pawe na uangalifu mkubwa. Gurudumu linapopanda na kushuka, vijiti vya usukani huchora upinde, na mikono ya springi huchora upinde wake. Pinde hizo zisipolingana, kila shimo barabarani litaugeuza usukani bila ya dereva kutaka. Raki rahisi iliyofungwa vibaya ni mbaya kuliko boksi kuukuu lililotengenezwa vizuri, na binafsi ningechagua boksi.

Ajabu ni kwamba raki iliyopata sifa kuliko zote ilitoka kwenye gari lililodharauliwa, Mustang II la 1974 hadi 1978. Lilikuwa dogo, dhaifu, na wapenzi wa Mustang walilikejeli. Lakini mafundi waliona kwamba sehemu yake ya mbele ilikuwa fupi, rahisi, na ingeweza kuchomelewa chini ya karibu gari lolote la zamani. Leo viwanda vinatoa nakala zake mpya, ingawa Mustang II zenyewe hazionekani sana.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wauzaji wa vipuri vya kumeremeta hawalitaji sana. Katika magari mengi ya kabla ya 1967, mti wa usukani ulikuwa chuma kigumu kutoka kwenye boksi hadi mbele ya kifua cha dereva. Gari likigongana uso kwa uso, chuma hicho kilirudi nyuma kama mkuki. Ralph Nader alilipigia kelele suala hilo katika kitabu chake Unsafe at Any Speed cha 1965. General Motors wakaleta mti unaojikunja katika magari yao ya 1967, na kuanzia Januari 1968 sheria ya Marekani ikalazimisha kinga hiyo kwa magari mapya ya abiria.

Kwa hiyo gari likiwa la 1965 au 1966, na fundi tayari ameufungua mfumo wote wa usukani, huo ndio wakati wa kuweka mti unaojikunja, pamoja na mikanda inayopita begani. Vyote viwili vinauzwa. Vyuma vya asili vifungwe kwenye sanduku na kuwekewa lebo, maana mnunuzi wa kesho huenda akaviulizia.