Gita Likivuma, Tusikate Waya wa Ethi



Bendi za wafanyakazi si jambo geni kwetu. Mwaka 1964 chama cha NUTA kilianzisha bendi yake mjini Dar es Salaam, na baadaye viwanda navyo vikawa na bendi zao. Siku hizi wapiga gita wengi hutumia pedali, yaani kisanduku cha chuma kinachokanyagwa kwa mguu ili kubadili sauti ya gita. Vijana wetu wenye ufundi wa redio huzitengeneza wenyewe.

Lakini tunapotembelea matawi tunasikia lalamiko moja: pedali inavuma hata gita likiwa kimya. Tumemkuta hata mtu aliyekata waya wa ethi wa amplifaya ili mvumo uishe. Hilo ni kosa la kuua. Basi tueleze mvumo unatoka wapi.

Umeme ukitoka kwenye betri ya volti 9 ni lazima urudi. Njia ya kurudi ni mistari ya shaba kwenye bodi, ambayo mafundi huiita graundi. Wengi hudhani kwamba popote ukiunga ni sawa. Sivyo. Fikirini mfereji mmoja mwembamba unaotumiwa na nyumba nyingi kambini. Wa juu wakimwaga ndoo, maji hupanda mlangoni kwa wa chini.

Mstari wa shaba wenye upana wa nusu milimita na urefu wa sentimita 5 huzuia umeme kwa kiasi cha omu 0.05 hivi. Ukipitisha hapo umeme wa miliampea 20 unaopanda na kushuka, huzuka milivolti 1. Ni kidogo, lakini pedali ikiikuza mara 100 huwa milivolti 100, karibu sawa na nguvu ya gita lenyewe! Huo ndio mvumo.

Dawa yake ni hii:

1. Mistari ya graundi iwe mipana. Nafasi iliyobaki kwenye bodi iachiwe shaba yake.

2. Sehemu inayopokea sauti ya gita iwe na njia yake ya kurudi, isichangie na taa wala na umeme wa adapta. Njia zote zikutane mahali pamoja, penye kapasita kubwa ya kuchuja umeme.

3. Kisanduku cha chuma kiungwe na graundi mahali pamoja tu, pale waya wa gita unapoingia.

Sasa, ethi inahusikaje? Kwa njia ya waya wa gita, graundi ya pedali imeungana na kasha la amplifaya, nalo limeungana na ethi ya jengo. Nyuzi za gita la umeme nazo zimeungwa humo humo. Amplifaya ikiharibika ndani na ethi imekatwa, umeme wa ukutani hufika vidoleni mwa mpigaji. Mwaka 1972, mjini Swansea, Leslie Harvey, mpiga gita wa bendi ya Stone the Crows, alikufa jukwaani aliposhika maikrofoni isiyokuwa na ethi sawasawa huku gita likiwa mikononi.

Ndugu zetu, kiwandani tunadai kila mashine iwe na ethi. Jukwaani tudai vivyo hivyo. Mvumo hutibiwa kwenye bodi; ethi haikatwi.