Chapa za wasanii wa mitaani: Thamani yake hutoka wapi?

MPITA NJIA hahitaji kulipa hata senti moja ili kutazama picha iliyochorwa ukutani. Hata hivyo, picha iyo hiyo ikichapwa kwenye karatasi, ikapewa nambari na kutiwa saini, wapo watu walio tayari kuishindania mnadani kwa maelfu ya pauni.

Je, karatasi hiyo ina nini ambacho ukuta hauna?

Ili kuelewa jambo hili, yafaa kwanza kufahamu jinsi chapa hizo zinavyotengenezwa. Mchapaji huwa na skrini, yaani fremu iliyowambwa kitambaa chembamba chenye vitundu vidogo mno. Zamani kitambaa hicho kilikuwa cha hariri, lakini siku hizi aghalabu huwa cha polyesta. Kitambaa hupakwa dawa inayoganda inapopigwa na mwanga. Sehemu za mchoro hukingwa zisipate mwanga, na dawa iliyo hapo huoshwa kwa maji. Kisha wino hukokotwa juu ya skrini kwa ubapa wa mpira, ukapenya pale palipo wazi pekee.

Kila rangi huhitaji skrini yake. Mbinu hii ndiyo itumiwayo pia kuchapa fulana, na inawafaa sana wasanii wa mitaani kwa sababu wengi wao tayari huchora kwa stensili, ambayo nayo huruhusu rangi kupita mahali palipokatwa tu.

Skrini moja inaweza kutoa mamia ya nakala. Kwa hivyo, uchache wa chapa hizi si wa lazima bali ni wa makubaliano. Msanii huamua mapema idadi ya nakala, na ikishatimia, uchapaji hukoma. Nambari 23/150 iliyoandikwa kwa penseli pembeni mwa karatasi humaanisha kwamba hiyo ni nakala ya 23 kati ya 150. Zipo pia nakala chache za msanii mwenyewe, ambazo hazihesabiwi katika idadi hiyo na mara nyingi huthaminiwa zaidi.

Mfano bora ni Banksy, msanii wa Uingereza ambaye kwa miaka mingi alificha jina lake halisi. Picha yake ya msichana na puto jekundu lenye umbo la moyo ilionekana ukutani jijini London mwaka wa 2002. Miaka miwili baadaye, kampuni ya Pictures on Walls iliitoa kama chapa: nakala 150 zenye saini na 600 zisizo na saini.

Nia ya kampuni hiyo ilikuwa kuwawezesha watu wa kawaida kumiliki sanaa kwa bei nafuu. Lakini mipango si matumizi. Wanunuzi wengi waliziuza tena kwa faida kubwa, na kampuni hiyo ilipofunga shughuli zake mwishoni mwa 2017, ilikiri kwamba kazi zake zilikuwa zimegeuka bidhaa ya biashara kama nyingine.

Kwa Wakenya, mfano wa karibu zaidi ni bango la Barack Obama, ambaye babake alikuwa Mkenya. Mwaka wa 2008, Shepard Fairey, msanii wa mitaani wa Marekani, alichapa kwa skrini mamia machache tu ya bango hilo. Baadaye lilichapwa kwa wingi kwa njia nyingine. Hivyo basi, watu wawili wanaweza kuwa na sura moja ukutani, mmoja akamiliki hazina na mwingine pambo.

Penye asali hapakosi nyuki. Kwa kuwa skrini hutengenezwa kwa urahisi, walaghai nao huchapa zao. Ndiyo maana mwaka wa 2008 Banksy aliunda ofisi iitwayo Pest Control, inayothibitisha kazi zake. Cheti chake huambatanishwa na nusu ya noti bandia ya pauni 10 yenye sura ya Binti Mfalme Diana, iliyochorwa na msanii huyo mwenyewe. Nusu nyingine hubaki ofisini. Vipande viwili visipolingana, hila hujulikana.

Aidha, ofisi hiyo haithibitishi picha zilizochorwa mitaani. Anayebomoa ukuta ili auze mchoro huambulia mawe yasiyo na cheti.

Mkusanyaji makini huzingatia mambo kadhaa kabla ya kutoa pesa. Huuliza chapa imepitia mikono ya nani na kama kuna risiti ya kwanza. Hulinganisha vipimo vya karatasi, rangi na nambari na kumbukumbu za toleo husika. Hukagua pia iwapo pembe zimekunjwa au rangi imepauka. Akishanunua, huitundika mbali na jua na unyevu, nyuma ya kioo kinachozuia miale, wala haibandiki kwa gundi.

Zaidi ya yote, hukumbuka kwamba bei hupanda na kushuka. Chapa nyingi za Banksy zilipanda kwa kasi mwaka wa 2020 na 2021, kisha zikateremka. Walionunua kileleni wakitarajia faida ya haraka waliumia. Lakini aliyenunua kwa sababu aliipenda picha yenyewe hakupoteza kitu, kwani bado anaitazama kila asubuhi.

Banksy mwenyewe alilikejeli soko hili katika chapa ya 2006 inayoonyesha mnada na kuwaita wanunuzi wajinga. Chapa hiyo nayo iligombaniwa. Mwaka wa 2021, kundi moja lilinunua nakala yake kwa takriban dola 95,000, likaiteketeza kwa moto mbele ya kamera, kisha likauza picha yake ya kidijitali kwa bei ya juu zaidi.