Kwa nini muuguzi anajibu kwa mkato?

Umeamka kabla ya mapambazuko, umembeba mtoto mwenye homa, umekaa kwenye mstari hadi saa nne asubuhi. Mwishowe unaingia. Muuguzi hainui macho. Anauliza maswali mawili, anaandika, anakupa vidonge na kumwita mwingine. Unatoka ukisema moyoni: ananidharau kwa sababu mimi ni mkimbizi.

Inawezekana. Dharau ipo, na hatutaificha hapa. Lakini mara nyingi kuna sababu nyingine, na inafaa uijue kwa sababu inahusu usalama wa mtoto wako. Muuguzi huyo huenda amechoka uchovu ambao usingizi wa usiku mmoja hauumalizi.

Mwaka 1974 Herbert Freudenberger, mtaalamu wa saikolojia mjini New York, aliandika juu ya uchovu huo baada ya kuuona kwa wahudumu wa kliniki ya bure, akiwemo yeye mwenyewe. Baadaye Christina Maslach alieleza dalili zake tatu. Kwanza, nguvu za mwili na moyo zinakwisha. Pili, mhudumu anajitenga na wagonjwa: anaacha kukuita kwa jina, unakuwa "yule wa malaria". Tatu, anaona kazi yake haina faida tena. Tangu mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba hali hii si ugonjwa, bali inatokana na shida za kazini zilizodumu bila kushughulikiwa. Kwa hiyo usimwite mvivu. Huenda alianza kazi kwa bidii kubwa.

Sasa, kazi yenyewe inaharibikaje? Muuguzi aliyechoka anasahau kupima joto mara ya pili. Anasoma fishi ya mgonjwa wa kitanda cha jirani. Hakuulizi kama kuna dawa inayokudhuru. Watafiti wamepima: mtu aliyekaa macho saa 17 anafanya makosa kama mtu aliyekunywa pombe kiasi. Fikiria zamu ya usiku.

Idadi ya wagonjwa nayo ina uzito. Utafiti wa hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, Marekani, uliotolewa mwaka 2002, ulionyesha kwamba kila muuguzi alipoongezewa mgonjwa mmoja, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30 uliongezeka kwa asilimia 7, na uwezekano wa muuguzi kufikia uchovu huu kwa asilimia 23. Huko walilinganisha wagonjwa wanne hadi wanane kwa muuguzi mmoja. Wewe uliyewahi kulazwa unajua hesabu ya kwetu.

Hapa Nkungu mzigo hauji polepole. Februari 2025, Bukavu ilipotekwa, na tena Desemba 2025, vita vilipofika Uvira, watu walivuka mpaka kuingia Rusizi, na wengi wa Desemba waliletwa Nyarushishi. Watu huongezeka kwa siku chache, wauguzi hawaongezeki kwa kasi hiyo. Wizara ya Afya ya Rwanda ilianza mwaka 2023 mpango wa kuongeza wahudumu wa afya mara nne katika miaka minne, lakini muuguzi hafundishwi kwa wiki mbili.

Wewe ufanye nini? Njoo na fishi yako na dawa ulizonazo, hata zile za Kongo, katika mfuko mmoja. Sema mapema kama una mimba, au kama kuna dawa iliyowahi kukuvimbisha. Kabla hujatoka, rudia kwa sauti: "Kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni, siku tatu, sivyo?" Sentensi hiyo inachukua muda mfupi sana, na kosa linaweza kugunduliwa papo hapo. Ukipewa karatasi ya rufaa kwenda Gihundwe au Mibilizi, hakikisha jina na umri ni vyako. Usione aibu kuuliza. Muuguzi mwenye akili anashukuru.

Kikohozi cha wiki nzima kisingoje usiku wa manane, kije asubuhi. Lakini mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepatwa na degedege au anayelala bila kuamka, mlete saa yoyote, wala usimwombe mtu radhi kwa kumwamsha.

Na ukitukanwa, ukisukumwa au ukidaiwa pesa? Uchovu hauhalalishi hayo. Andika siku, saa na jambo lililotokea, umpelekee msimamizi wa kituo au mjumbe wenu. Taja pia kama muuguzi alikuwa peke yake zamu nzima na mstari ulikuwa wa watu wangapi. Malalamiko ya namna hiyo humsaidia msimamizi kudai muuguzi wa pili.

Wakalimani na wahamasishaji wa afya mnaotoka miongoni mwa wakimbizi, hili linawahusu pia. Mnasikia habari za vita mchana kutwa, kisha mnarudi kwenye hema mkiwa nazo. Ukiona umeanza kuwachukia watu wanaobisha hodi, mwambie msimamizi wako wiki hii hii, uombe kupumzishwa.