Hakiki Kozi Kabla ya Kulipa Ada

Mwanafunzi wa chuo cha jamii huko California, Marekani, anayekusudia kuhamia shahada ya sera ya mazingira katika Chuo Kikuu cha California, atahitaji angalau krediti 60 za mihula zinazohamishika, zikiwemo kozi mbili za uandishi wa Kiingereza na moja ya hisabati. Hata hivyo, kozi inaweza kupokelewa kama krediti tu, bila kutimiza sharti la shahada yenyewe. Hapo mwanafunzi hulipa na kusoma upya. Kwa hiyo, kabla ya kujisajili katika uchumi, takwimu au biolojia, linganisha kozi hiyo na makubaliano ya vyuo yaliyomo katika tovuti ya ASSIST, bila malipo. Kisha muone mshauri wa masomo, na uhifadhi nakala.