Kugharimia Usuluhishi kwa Vijana wa Vijijini: Kinga Inayosahaulika

Katika zahanati na vituo vya afya vya vijijini nchini Tanzania, ugomvi hufika ukiwa umekwisha kuwa jeraha. Mgonjwa huletwa na mkato wa panga begani, au mfupa wa mkono uliovunjwa kwa fimbo, huku ndugu zake wameshika fomu namba 3 ya polisi, maarufu kwa jina la PF3. Mhudumu husafisha kidonda, hushona, hutoa chanjo ya pepopunda na hujaza fomu. Kazi ya tiba humalizika hapo, lakini chanzo cha jeraha hubaki kijijini: shamba lile lile, kisima kile kile, vijana wale wale.

Makala haya yanaeleza kwa nini elimu ya usuluhishi kwa vijana, ndani na nje ya shule, yafaa kuhesabiwa kuwa kinga kama ilivyo chanjo, na kwa nini fedha za kuiendesha zinapaswa kuwa ndogo, za kudumu na zenye fungu linalojulikana.

Ugomvi kama suala la afya

Mwaka 1996 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio lililotamka kuwa ukatili ni tatizo kubwa la afya ya jamii. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka vijana wapatao 193,000 wenye umri wa miaka 15 hadi 29 huuawa duniani, sawa na takriban asilimia 40 ya mauaji yote. Wanaojeruhiwa na kupona ni wengi zaidi, na baadhi yao hupona nusu. Kwa kijana anayeishi kwa jembe au kwa mifugo, mkono uliokatwa mishipa ya fahamu ni umaskini wa maisha yote.

Mbegu ya ukatili hupandwa mapema. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kuwa takriban watatu kati ya kila vijana wanne waliohojiwa walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18, na miongoni mwa waliowatenda walikuwamo ndugu na walimu. Mtoto aliyezoea kuona fimbo ikimaliza kila hoja hujifunza kwamba fimbo ndiyo hoja.

Somo la Kilosa

Mwezi Desemba mwaka 2000, watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, katika mapigano kati ya wafugaji na wakulima. Mizizi ya migogoro ya namna hiyo ni ardhi, maji, mipaka isiyoeleweka na maamuzi ya watu wazima. Hakuna klabu ya wanafunzi iwezayo kuchukua nafasi ya mpango bora wa matumizi ya ardhi, na ye yote anayeahidi hivyo anawadanganya wafadhili.

Hata hivyo, ng'ombe wanapoingia katika mahindi, mara nyingi wanaokutana pale shambani ni vijana: mmoja anachunga, mwingine analinda mazao. Dakika chache zilizopo kati ya kosa na panga kuinuliwa zimo mikononi mwao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, angalau watatu wakiwa wanawake, kwa ajili ya kupatanisha. Lakini baraza hukaa baada ya tukio. Kijana aliyefunzwa ndiye awezaye kulifikisha shauri barazani kabla halijafika zahanati.

Kinachofundishwa

Programu nzuri haina mafumbo. Vijana hujifunza kutambua hasira mwilini kabla haijawa tendo. Kumsikiliza mwenzao hadi mwisho na kurudia alichosema. Kutenganisha jambo linalogombaniwa na mtu anayelidai. Kutafuta makubaliano yanayoweza kutekelezwa. Na kujua shauri lipi liwazidi. Hili la mwisho ni la lazima. Ubakaji, vitisho vya silaha na ukatili wa nyumbani si mambo ya kusuluhishwa na wanafunzi. Hayo hupelekwa kwa afisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi, au simu ya bure namba 116 ya huduma kwa mtoto.

Mafunzo hayo yasiishie kwa walio darasani. Wachungaji, waliomaliza darasa la saba na madereva wa bodaboda wasipoalikwa, programu itakuwa imewafunza walio mbali zaidi na ugomvi.

Ushahidi unasema nini

Wilayani Luwero, Uganda, mpango wa kubadili utamaduni wa shule ulioandaliwa na shirika la Raising Voices ulipimwa katika shule za msingi 42. Nusu zilipata mpango huo kwanza na nusu zikasubiri. Mpango huo uliendeshwa kwa miezi 18. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa uwezekano wa mwanafunzi kupigwa na mtumishi wa shule katika wiki iliyotangulia ulipungua kwa asilimia 42. Wakati wa utafiti huo, watoto 434 walielekezwa kwenye huduma za ulinzi wa mtoto kutokana na yale waliyoyaeleza. Idadi hiyo inatufundisha kuwa anayewafungulia watoto mlango wa kusema hana budi kutenga fedha za kuwahudumia watakaosema.

Kwa upande mwingine, programu ya vipindi vya wiki chache kwa walimu katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ilipopimwa haikuonyesha kupunguza ukatili shuleni. Mazingira ya kambi ni magumu na hayalingani na ya Luwero. Hata hivyo, kwa mwenye kupanga bajeti, onyo lipo: mafunzo mafupi yasiyofuatiliwa si dhamana ya mabadiliko.

Fedha zitoke wapi

Kosa la kawaida ni kuweka fedha zote katika semina moja: ukumbi, posho, fulana na picha. Mwaka unaofuata mradi umekwisha, mwalimu mlezi amehamishwa, na klabu imebaki jina ubaoni. Ni afadhali kiasi kidogo kila muhula kwa miaka mitatu kuliko kikubwa kwa siku tatu. Mahitaji yenyewe ni ya kawaida: muda wa mwalimu mlezi kwenye ratiba, nauli ya mkufunzi anayerudi kila muhula, daftari la kumbukumbu, na mikutano ya vijana wa pande zote mbili kabla ya kiangazi, mifugo inapoanza kusogea mtoni.

Ruzuku ya shule pekee haitoshi. Ruzuku ya shule ya msingi imepangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu ya fedha hizo ni ya vitabu. Mikopo ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo asilimia 4 ni ya vijana, ni ya shughuli za uzalishaji na hurejeshwa; haiwezi kulipia mafunzo, ingawa yaweza kukiwezesha kikundi kinachochanganya vijana wa wakulima na wafugaji. Mlango ulio wazi zaidi ni bajeti ya halmashauri, kupitia kamati za ulinzi wa wanawake na watoto zilizoundwa chini ya MTAKUWWA, na Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri. Kwa kuwa mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, hoja iletwe katika vikao vya kijiji na kata miezi mingi kabla.

Wajibu wa mhudumu na wa mgonjwa

Hoja ya bajeti huhitaji takwimu, na takwimu hizo zimo katika rejesta yako, ndugu mhudumu. Andika chanzo cha jeraha, umri, kitongoji na mwezi. Majumuisho ya mwaka mmoja, bila majina, yakisomwa mbele ya kamati ya kituo na baraza la kata, yatasema kuliko hotuba. Kabla ya kumruhusu majeruhi, muulize: "Je, ugomvi huu umekwisha? Kuna anayepanga kulipiza?" Jibu lake laweza kumwokoa mtu wa pili.

Nawe mgonjwa, usione haya kusema unahofia kurudi nyumbani. Waambie pia ndugu waliokusindikiza kwamba kulipiza kisasi hakutaharakisha kupona kwako.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Tunajenga ukuta kila siku kwa nyuzi, damu ya kuongezewa na vitanda vya wodi. Sehemu ndogo ya gharama hiyo, ikipelekwa mapema na bila kukatika, yatosha kuanza kuziba ufa.